Mume wangu anaendesha huku anaongea na simu kwenye spika za gari, anasema ni salama. Naombeni ushauri

MamaWawili:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri hasa nyie mnaoshinda barabarani, maana mimi sina leseni na kila nikiongea naambiwa sijui gari.

Mume wangu kiukweli ni dereva mzuri, hanywi, hakimbizi gari, mkanda anafunga na anatufungisha wote mpaka tuliokaa nyuma. Shida ni simu. Haishiki mkononi, kaiunganisha na gari kwa Bluetooth anaongelea kwenye spika, na kazi yake ni ya kupigiwa muda wote, mara mteja mara bosi, tunatoka nyumbani anaongea tunafika anaongea.

Sasa juzi tunakaribia zebra, mwendo wa kawaida tu, kuna mtoto wa shule keshashusha mguu mmoja barabarani na mkono kaunyoosha anaomba apite. Mimi namwona kabisa. Mume wangu anaangalia mbele, yaani uso umeelekea kule kule alipo mtoto, anabishana na mtu wa ofisini habari za mzigo. Nikasubiri apunguze mwendo, hapunguzi. Nikapiga kelele "mtoto!" ndo akakanyaga breki, tukasimama juu ya ile mistari, mtoto karuka nyuma begi limemdondoka. Kilichonitisha ni kwamba aliniuliza "katokea wapi huyu?" na namjua mume wangu, hakuwa anajitetea, hakumwona kweli.

Nikimwambia akate simu anajibu mikono iko kwenye usukani, macho yako barabarani, unataka nini zaidi. Je yuko sahihi? Na nimwambieje bila kuonekana namfundisha kuendesha?

MasafaMarefu:
Pole sana dada. Naendesha lori miaka mingi na nakwambia shemeji hayuko sahihi, ingawa wengi tulifundishwa hivyo hivyo kwamba ubaya wa simu ni mkono. Mkono ni sehemu ndogo. Ukiwa 60 kwa saa gari linakula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 2 tu za akili kuwa ofisini ni mita 33 na zaidi na mguu bado haujagusa breki. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha ana hatari ya ajali kama mara 4 kuliko asiyetumia, na wanasema wazi kwamba ya spika haina nafuu kubwa kuliko ya mkononi.

Mwl_Nuru:
Hilo la kuangalia bila kuona lipo na limepimwa. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris pale Harvard waliwaonyesha watu video ya vijana wanarushiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi za wenye nguo nyeupe. Katikati anapita mtu kavaa vazi la sokwe, anasimama anajipiga kifua anaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona, na macho yao yalikuwa kwenye skrini muda wote.

Halafu 2001 David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah wakapima watu kwenye zoezi la kuendesha, waliokuwa wanaongea na simu walikosa ishara nyekundu mara mbili zaidi, na hakukuwa na tofauti kati ya simu ya mkononi na isiyoshikwa. Kwa hiyo dada mumeo hakumwona yule mtoto ingawa alikuwa anamtazama. Akili ilikuwa kwenye mzigo.

TairiNne:
Mnazidisha wakuu. Mbona tunaongea na abiria kila siku na hakuna anayekataza? Tofauti ni nini, wote ni maneno tu

MasafaMarefu:
@TairiNne tofauti ni kwamba abiria anaiona barabara. Ukifika kwenye makutano yamebana ananyamaza mwenyewe, tena anakusaidia "angalia kushoto", kama alivyofanya huyu dada. Wa kwenye simu haoni kitu, wewe unaingia keepleft na yeye ndo kwanza anakuuliza hesabu ya wiki iliyopita na anataka jibu sasa hivi. Utingo wangu nikikaa kimya ghafla anajua kuna jambo, bosi kwenye simu atasema "haloo, haloo, unanisikia?"

TairiNne:
Hapo nimekuelewa mkuu.

PikiNyekundu:
Mimi niko upande wa pili, naendesha pikipiki. Dereva ananitazama usoni kabisa halafu anaingiza gari mbele yangu. Zamani nilikuwa naamini tukionana macho basi kaniona, siku hizi siangalii macho, naangalia tairi lake la mbele, likianza kuzunguka hata kidogo nimeshashika breki.

Mwambie shemeji pia kuhusu ule mhimili wa pembeni ya kioo cha mbele. Unaficha pikipiki nzima au mtu mzima, na tukija kwa mwendo unaoendana na wake tunabaki nyuma ya ule mhimili mpaka dakika ya mwisho. Dawa yake ni kusogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuingia barabara kubwa, na kuangalia mara ya pili sio mara moja. Mtu anayebishana na simu hawezi kufanya hivyo, shingo inaganda, mtazame siku moja utaona. Na tunaokufa zaidi ni sisi jamani, kati ya watu karibu milioni 1.19 wanaokufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, baiskeli na pikipiki. Sisi hatuna bodi la kutukinga.

ShangaziHidaya:
Mwanangu, swali lako la pili ndo zito na naona hawa wanaume wamelipita. Usimwambie ndani ya gari. Akiwa kwenye usukani ataona unamkosoa na mtagombana hapo hapo, ukaongeza hatari nyingine. Msubiri nyumbani ameshakula, umwambie umeogopa, usianze na "wewe huwa". Mkumbushe yule mtoto ana umri kama wa nani pale nyumbani. Halafu usimwachie tatizo mkononi, nenda na suluhisho, mkiwa pamoja simu ukae nayo wewe, ikiita upokee "yuko kwenye usukani, atakupigia tukifika". Watu wakishasikia hivyo wanaelewa.

MamaWawili:
Asante sana shangazi, na wote Mungu awabariki. Ila siku nyingi anaendesha peke yake na bosi wake akipiga asipopokea anapiga tena na tena. Hapo nafanyaje?

Mwl_Nuru:
Simu nyingi zina hali ya kuendesha, iPhone wanayo tangu 2017, inazima miito na kumjibu aliyetuma meseji kwamba mwenye simu anaendesha. Aiwashe kabla hajawasha gari, ramani naye aiweke kabisa akiwa amesimama. Ikibidi kupiga apaki pembeni mahali salama, na akimaliza asiondoke hapo hapo, watafiti wa Marekani 2015 walipima watu wanaoiamuru simu au gari kwa sauti wakakuta akili inaweza kuchelewa kurudi barabarani mpaka sekunde 27.

MasafaMarefu:
Kuhusu bosi, aongee naye mara moja tu akiwa ofisini, kwamba akiwa njiani hapokei, akifika anapiga. Mimi nilipowaambia wenye mizigo yangu walilalamika mwanzoni, sasa hivi wananitumia meseji "ukisimama nipigie".

Na zoezi moja, madereva wa polisi Uingereza hufundishwa kutaja kwa sauti wanachokiona wakiendesha, "baiskeli kushoto, basi linataka kutoka, mtoto karibu na ukingo". Mwambie ajaribu akiwa peke yake bila simu. Ataona mwenyewe vitu vilivyo barabarani ni vingi kiasi gani.

MamaWawili:
Hilo zoezi atalipenda, ni mtu wa kupenda kujipima. Leo watoto wakilala naongea naye. Swali la mwisho, wale wawili wakigombana kiti cha nyuma naye hugeuka kuwakemea huku gari linatembea, hapo nifanyeje?

ShangaziHidaya:
Hilo lako wewe mwanangu. Hamia nyuma ukae katikati yao.