Mfarishi wa zamani wa Uingereza: mbona viraka vya kahawia vinaoza na vyekundu ni vizima?

Swali
Wakuu, mfarishi wenyewe ni wa viraka vya pembe sita, pamba ya maua ya kuchapwa, kazi ya Uingereza. Hauna bitana na karatasi zilizokunjiwa kitambaa wakati wa kushona bado zimo nyuma ya viraka. Moja ina hesabu za duka za 1794. Nyekundu na buluu ziko imara, ila kahawia na nyeusi zinamung'unyuka ukizigusa tu, hata kwenye kitambaa kilekile chenye nyekundu. Tuseme ni wa 1794? Na ukifuliwa kwa sabuni laini utatulia?

fundi_rangi
Usifue. Kinachokula hapo ni chuma. Wachapaji wa Ulaya wa karne ya 18 hawakuchapa rangi yenyewe. Kwa kibao cha mti walichapa dawa ya kushikia rangi, iliyokazwa kwa gundi au wanga, kisha kitambaa kizima kikachemshwa na mizizi ya Rubia tinctorum, mmea wa kutolea rangi. Palipotiwa shabu pakatoka pekundu. Palipotiwa chuma pakatoka zambarau au peusi, kadiri ya ukali wa dawa, na viwili vikichanganywa vikatoa kahawia. Dawa ya chuma ilitokana na vyuma chakavu vilivyolowekwa kwenye siki. Buluu ni nili, haikuhitaji lolote kati ya hayo.

Sasa chuma kikibaki kwenye pamba huchochea oksijeni kuzikata nyuzi, na asidi huongeza kasi. Ndiyo maana shina jeusi hutoboka huku ua jekundu limekaa. Maji yatabeba chuma hadi viraka jirani, na nyuzi zilizolowa hazitahimili uzito wake. Dawa ya madoa yenye klorini ndiyo mbaya kupita zote.

Ukikuta hariri ya mwisho wa karne ya 19 imepasuka-pasuka, hiyo ni kesi nyingine: chumvi za bati zilizotiwa kurudisha uzito uliopotea hariri ilipooshwa utomvu wake.

mshona_pembe
1794 ni mpaka wa chini tu. Mfarishi hauwezi kuwa wa zamani kuliko karatasi yake, ila daftari huenda lilikaa kabatini miaka mingi kabla ya kukatwa. Soma karatasi zote, tegemea yenye tarehe ya karibuni zaidi. Usizing'oe, wala usivute nyuzi za kushikizia. Tumia mwanga wa pembeni na kamera.

Tafuta pia kiraka kilichokatwa ukingoni mwa jora. Nyuzi tatu za buluu kwenye ukingo huo ni alama ya pamba iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1774 na 1811. Kabla ya hapo, sheria ya 1721 ilizuia pamba ya kuchapwa kutumiwa kwa nguo na mapambo ya nyumba. Ufaransa nayo iliizuia 1686 hadi 1759. Mwaka ulioshonwa kwenye viraka vyenyewe una nguvu zaidi, kama ule mfarishi wa hariri wa 1718 ulioko Quilters' Guild, chama cha washona mifarishi cha Uingereza, nao una karatasi hadi leo.

Karatasi kubaki mara nyingi maana yake kazi haikumalizwa, ingawa si lazima. Kitambaa hukunjwa juu ya karatasi, pindo kama milimita 6, kikashikizwa, kisha kingo mbili huunganishwa kwa mishono midogo ya kuzungushia. Karatasi hutoka kiraka kikishapata majirani pande zote sita.

Muulizaji
Shukrani. Nikishonea viraka vipya juu ya vilivyooza?

fundi_rangi
Hapana. Kila tundu la sindano kwenye kahawia ni mwanzo wa mpasuko, na utaficha ushahidi. Funika kwa neti nyembamba sana ya nailoni iliyotiwa rangi inayofanana, uishikize kwa uzi mwembamba wa hariri kwenye viraka vizima vya pembeni tu. Gundi usiiguse. Vumbi linyonye kwa mashine iliyopunguzwa nguvu, kukiwa na wavu juu ya kitambaa. Kisha uviringishe uso ukiwa nje, kwenye bomba nene lililofunikwa karatasi isiyo na asidi. Ukiukunja, mikunjo itapita katikati ya kahawia na utaokota unga.