Shanta ya Athman: gumzo la kikundi cha familia

Athman: Assalam alaykum jamaa zangu. Zimesalia wiki tano kabla ya safari yangu, nami naandika hapa ili sote tuwe na habari moja. Mwanzoni mwa Juni nitatoka Mombasa kwa basi hadi Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga na Horohoro, kisha, nikijaaliwa, nitapanda treni ya TAZARA inayokwenda New Kapiri Mposhi nchini Zambia, mwendo wa kilomita 1,860, na kutoka hapo nitateremka polepole kupitia Lusaka, Livingstone, Bulawayo na Johannesburg hadi Cape Town. Ni miezi mitatu, niko peke yangu, na mzigo wangu ni shanta moja ya mgongoni. Nawaomba ushauri wenu.

Mama: Waalaykum salaam mwanangu. Ruhusa nimeshakupa na sitaitangua. Ninachouliza ni kimoja tu: nitajuaje kwamba u mzima siku ambayo simu yako haipatikani?

Ami Bakari: Swali la mama yako litangulie mengine yote. Nilipokuwa baharia, katika mwaka wangu wa pili melini, niliweka pasipoti, pesa na kitabu changu cha ubaharia katika mkoba mmoja, nikauweka chini ya kiti cha mkahawa ulio karibu na bandari ya ugenini, na nilipoinama kuuchukua sikuukuta. Nilikaa siku kumi na moja sina hata karatasi moja ya kuonyesha mimi ni nani, na huku nyumbani marehemu mama yangu hakujua lolote, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwa akingojea habari zangu kwa siku maalumu. Kwa hivyo, Athman, panga siku na saa, kisha uandike hapa kikundini tuzione sote.

Athman: Nimekusikia, Ami. Basi nitaandika hapa kila baada ya siku moja, saa tatu usiku kwa saa za Mombasa. Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hivyo kwangu itakuwa saa mbili. Ujumbe utataja mji nilioko, mahali ninapolala na simu ya hapo. Siku nitakayokuwa ndani ya treni nitawaaga kabla, kwa sababu njiani mtandao hukatika.

Ami Bakari: Na zikipita siku mbili kamili baada ya saa tuliyokungojea, mimi nitapiga simu mahali ulipolala mara ya mwisho, kisha ubalozi wetu wa Lusaka, Harare au Pretoria, kutegemea ulikokuwa. Nipe nakala ya pasipoti yako mapema. Nakala nyingine iweke ndani ya shanta, na pasipoti yenyewe ikae mwilini mwako, chini ya shati, si mfukoni.

Mwanaisha: Mimi nitasema kama muuguzi. Athman, umechanjwa homa ya manjano? Chanjo hiyo huanza kutambuliwa mpakani baada ya siku kumi, kwa hivyo usiingoje wiki ya mwisho ukaja kuzuiliwa Horohoro. Tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote, kwa hivyo kama ulichanjwa miaka ya nyuma na cheti unacho, huhitaji kurudia. Hakikisha tu kwamba jina lililoandikwa humo ni sawasawa na la pasipoti.

Athman: Sijachanjwa bado. Nitakwenda Jumatatu.

Mwanaisha: Nenda. Chukua pia chandarua chenye dawa, na usijidanganye kwamba mtu wa pwani ameshazoea malaria. Ukipata homa, pima siku hiyo hiyo. Tumbo likiharibika na huna pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa pamoja na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha unywe kidogo kidogo. Vipimo hivi viandike kwenye karatasi, kwa sababu chumvi ikizidi ina madhara.

Swaleh: Jamani, nataka kueleza nilichokiona jana dukani kwangu. Athman alikuja na shanta ikiwa imeshapakiwa, tukaiweka kwenye mizani ninayopimia mchele, na ikasoma kilo 17. Tulikuwa tumekubaliana isizidi kumi. Tukaifungua pale pale juu ya magunia. Mlikuwa na suruali tatu za jinzi, jozi tatu za viatu, taulo kubwa la pamba, sufuria, vitabu vinne, na chupa ya achari ya maembe iliyofungwa ndani ya fulana mbili. Suruali mbili zilitoka, viatu jozi moja, sufuria na vitabu vitatu. Taulo nalo lilitoka, pakaingia kikoi, ambacho utajifutia, utajifunika, utaswalia, na ukikianika usiku asubuhi kimekauka. Baada ya hapo mizani ilisoma kilo 11 na nusu.

Mama: Achari niliiweka mimi.

Swaleh: Najua, Mama Mdogo, na sikuigusa. Jambo la pili ni upakiaji. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, si chini kabisa wala upande wa nje, na ukanda wa kiunoni ukazwe hadi uzito ukae kwenye nyonga. Athman alikuwa ameulegeza, na baada ya kuzunguka mtaa mara mbili mabega yalikuwa na alama nyekundu. Jumapili tutatembea pamoja kutoka Nyali hadi Mji wa Kale akiwa ameibeba, tena na viatu vile vile atakavyosafiria.

Ami Bakari: Ongezeni nguo za baridi, nasisitiza. Mtoto wa Mombasa husikia Afrika Kusini akadhani ni joto. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huko jalidi huonekana kwenye majani. Cape Town nayo, miezi hiyo ndiyo ya mvua. Kongowea utapata mitumba mizuri: sweta jepesi la sufi, na jaketi lisilopitisha maji.

Athman: Na pesa, Ami?

Ami Bakari: Zigawe mahali patatu. Beba dola safi zisizochanika, na nyingine ziwe noti ndogo za moja na tano, kwa sababu Zimbabwe chenji ni shida. Mpakani Tunduma badilisha kiasi cha nauli na chakula tu, uzihesabu mwenyewe kabla hujatoa zako, na mtu akikuharakisha, ondoka. Visa ya Afrika Kusini isikusumbue, maana tangu Januari 2023 Mkenya huingia bila visa kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Ila tiketi ya kutoka New Kapiri Mposhi kwenda Lusaka usiinunue mpaka stesheni ya Dar es Salaam wakuthibitishie siku treni itakayoondoka.

Mwanaisha: Bibi yuko hapa nami, na haya ni maneno yake: “Mwambieni Athman kwamba msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza swala, asiikatae ruhusa ya Mola wake. Akifika Cape Town auulizie msikiti wa Auwal, ule wa mwaka 1794, aswali humo rakaa mbili aniombee.”

Athman: Insha’Allah, Bibi. Nimeliandika.

Mama: Nimekaa nikifikiri juu ya ile chupa. Ni ya gilasi, na ikivunjika itaharibu nguo zote. Leo nimeihamishia achari ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, nimeipunguza mafuta, na mizani ya jikoni imesoma gramu 200. Swaleh, hiyo itakubalika?

Swaleh: Itakubalika, Mama Mdogo. Nitaipakia mwenyewe.