Gereji za Mwanza, acheni kufunga redio za ridhaa kama mnavyofunga muziki wa gari

Ndugu wanajukwaa, hasa mlioko Kanda ya Ziwa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nimeilipa gereji moja hapa Mwanza, ambayo sitaitaja jina, fedha yote waliyoitaka ili wanifungie kwenye gari redio ya ridhaa, yaani ya mtu binafsi mwenye leseni kuzungumza na wenzake hewani bila biashara, hii ambayo wengi huiita redio ya upepo, na nilichokabidhiwa ni gari ambalo lingeweza kuwaka moto familia yangu ikiwa ndani. Nilipolalamika nikajibiwa kwamba redio ndiyo mbovu. Redio ni nzima. Kazi ndiyo mbovu, nami nitaeleza ilivyoharibiwa, kwa sababu wenzangu wa Nyegezi na Igoma nao wamenisimulia mambo yanayofanana kabisa na haya.

Nianze na umeme, maana hapo ndipo penye hatari. Redio yangu hutoa wati 100 kwenye masafa ya HF (ya chini, ya kufika mbali) na wati 50 kwenye VHF (ya juu zaidi, ya karibu), na inapotuma kwa nguvu zake zote huvuta takribani ampea 20 kwenye volti 13.8. Nilimkabidhi fundi redio pamoja na kitabu chake cha maelekezo na waya mnene uliokuja nayo, wenye fyuzi zake mbili, nikamweleza kwamba waya huo unakwenda moja kwa moja kwenye betri. Aliuweka pembeni. Akakata waya wa soketi ya kiberiti cha sigara, akausokota pamoja na waya wa redio, akazungushia tepu nyeusi na kurudisha dashibodi mahali pake. Soketi ile inalindwa na fyuzi ya ampea 15, ambayo ilikatika walipokuwa wakijaribu redio wenyewe, kama kijana mmoja wa gereji alivyoniambia baadaye. Fundi mkuu hakujiuliza ni kwa nini imekatika. Aliichomoa akachomeka ya ampea 30, na gari likatolewa getini kwa maneno kwamba kila kitu kiko sawa.

Wakuu, fyuzi imewekwa ili kuulinda waya. Waya mwembamba ukipitishwa umeme mwingi kuliko uwezo wake hupata joto, ganda lake la plastiki hulainika, kisha huyeyuka, na chini ya dashibodi umelala pamoja na makumi ya nyaya nyingine, sponji na kapeti. Kuweka fyuzi ya 30 mahali pa fyuzi ya 15 ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele alipomwona mwizi. Nilianza kusikia harufu ya plastiki kila nilipozungumza kwa muda mrefu, na tulipofungua dashibodi tukakuta ganda la waya limeshikana na la waya wa jirani yake. Fundi wa magari asiyejua hesabu za redio ninaweza kumwelewa. Fundi wa umeme wa magari anayeongeza ukubwa wa fyuzi bila kuongeza unene wa waya amevunja kanuni ya kwanza kabisa ya kazi inayomlisha, na hilo sitalisamehe kwa kuambiwa kwamba ni mambo ya kawaida mtaani.

Hata moto tukiuweka kando, redio yenyewe haiwezi kufanya kazi kwa mpango ule. Chukueni waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 4 kwenda na mita 4 kurudi. Ukivutwa ampea 20 hupoteza karibu volti 1.8 njiani. Betri ya gari lililozimwa ina takribani volti 12.6, kwa hiyo redio inapata volti 10.8, ilhali redio nyingi za aina hii zinahitaji zisishuke chini ya volti 11.7. Matokeo yake ni sauti inayokatikakatika na redio kujizima katikati ya sentensi. Waya wa milimita za mraba 6 kwa urefu uleule hupoteza chini ya nusu volti. Hesabu hizi mwanafunzi wa sekondari anazifanya kwa kanuni ya Ohm, na waya wenyewe nilikuwa nimewapa.

Upande wa hasi nao walikwenda kuufunga kwenye kipande cha bati cha kushikilia redio ya muziki, juu ya rangi, kwa skrubu moja. Ndiyo maana kila nilipokanyaga mafuta nilisikia mluzi wa altaneta ukipanda na kushuka pamoja na injini, na kituo dhaifu cha mbali kikawa hakisikiki kabisa. Njia sahihi inajulikana. Chanya kinatoka kwenye betri na fyuzi yake inawekwa karibu na betri kadiri inavyowezekana, ili waya ukichubuka popote mbele yake umeme ukatike. Hasi, kwenye magari mapya yenye kihisi juu ya terminali ya betri, kinafungwa pale waya mkubwa wa betri unapokutana na bodi, ili kihisi hicho kisipitwe. Na ikiwa hasi kimefungwa kwenye betri yenyewe, nacho kiwe na fyuzi, kwa sababu waya wa kuunganisha injini na bodi ukilegea, umeme wa stata utatafuta njia nyingine ya kurudi na unaweza kuipitia redio.

Sasa antena, ambayo ndiyo iliyoniumiza roho kuliko vyote. Nusu ya kazi ya antena ya gari hufanywa na bati lililo chini yake. Antena ya robo wimbi (yaani yenye urefu wa robo ya wimbi la redio) ya megahezi 145 ina urefu wa karibu nusu mita tu, na mahali pake pazuri ni katikati ya paa, ambako bati limeizunguka pande zote. Gereji ile iliifunga kwenye bampa ya nyuma. Bampa hiyo ni ya plastiki! Nilipouliza nikajibiwa kwamba pale panapendeza na paa halitatobolewa, wakati vishikio vya sumaku na vya kubana kwenye ukingo wa buti vinauzwa, na kimojawapo kilikuwa ndani ya boksi nililowapelekea.

Kebo iliyokuja na antena, ya omu 50, waliona ni fupi, wakaiongeza kwa kipande cha kebo ya antena ya televisheni, ya omu 75, isiyolingana nayo. Wavu wa kebo nyingi za televisheni ni wa alumini, ambayo haishiki risasi ya kulehemu, hivyo waliisokota kwa mikono na kuifunga tepu, kisha wakaipitisha kwenye ukingo wa mlango wa nyuma ambao huibana kila ukifungwa. Rafiki yangu mwenye kipimo alipokuja kupima SWR kwenye VHF (namba inayoonyesha antena inavyolingana na redio, na iliyo bora ni 1) tukakuta imevuka 3. Maana yake ni kwamba angalau robo ya nguvu inayotoka kwenye redio inarudi ilikotoka, na redio ikiona hivyo hujipunguzia nguvu ili isiungue. Hapo ndipo lilipotokea lile neno kwamba redio ni mbovu. Redio ilikuwa inajiokoa kutoka mikononi mwao.

Antena ya HF waliikata. Ndiyo, waliikata ncha kwa msumeno wa chuma kwa sababu ilikuwa inagonga fremu ya geti la gereji. Robo wimbi kamili kwa megahezi 7.1 ni zaidi ya mita 10, urefu ambao hakuna gari linaloweza kuubeba, kwa hiyo antena za gari hufupishwa kwa koili na ncha yake husogezwa kidogo kidogo hadi ikae sawasawa kwenye masafa yanayotakiwa. Kwenye antena fupi kama hiyo sentimita chache zinatosha kuihamisha kutoka kwenye bendi. Ukiikata, masafa yake yanapanda, na kilichokatwa hakirudi. Kipande kile sikukiona tena. Aliyekikata hakunipigia simu kuniuliza, na kwenye risiti niliyopewa pameandikwa maneno mawili tu, "kufunga redio".

Kuna jambo jingine ambalo naliona ni zito hata kuliko fedha yangu. Fundi huyo alinieleza, kama mtu anayenifanyia hisani, kwamba anaweza kuifungua redio itume kwenye masafa yoyote ninayotaka. Nilikataa palepale. Leseni yangu ya ridhaa imetolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, alama yangu ya wito, yaani jina langu la hewani, inaanza na 5H, na bendi ninayoruhusiwa kwenye VHF ni megahezi 144 hadi 146. Chini yake, kati ya 118 na 137, wanazungumza marubani na waongozaji wa ndege, na uwanja wetu wa ndege uko hapo hapo kando ya ziwa. Juu yake, kwenye 156.8, iko chaneli ya 16, ambayo vyombo vya majini hutumia kuita na kuomba msaada. Kanda hii imezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na watu wa MV Nyerere mwaka 2018, na hatuhitaji kuelezwa na yeyote kwa nini chaneli hiyo isichezewe. Anayetembeza huduma ya kufungua redio kando ya Ziwa Victoria anapaswa kuulizwa maswali na vyombo vinavyohusika, na mwenye gari atakayekubali ndiye atakayejibu kwa jina la leseni yake.

Mwenye gereji alipokuja kuzungumza nami alisema, "Mzee wangu, hizo redio zenu hazielewani na milima ya hapa." Milima na mawe ya Mwanza nayajua. Ukiwa bondeni Mabatini mawe yanakufunika, ukipanda mlimani unasikika mbali, kwa kuwa antena iliyo mita 2 juu ya ardhi tambarare huona kilomita zisizozidi 6 hivi, na iliyo mita 150 huona karibu 50. Lakini mlima hauyeyushi ganda la waya, wala haukati antena kwa msumeno.

Ninachodai kutoka kwao kinafahamika, maana nimewaandikia. Warudishe fedha ya ufundi yote, walipe antena waliyoikata, na warudishe waya wa soketi ya kiberiti ulivyokuwa, na fyuzi yake ya ampea 15, mbele ya fundi nitakayemchagua mimi. Picha za dashibodi, za kebo na za kipimo cha SWR ninazo, na wasiporidhia nitazipeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na risiti yao.

Kwenu mliokwisha kufungiwa redio kwenye gereji za hapa, naomba mfungue kisanduku cha fyuzi leo hii, msome namba iliyo kwenye fyuzi ya kiberiti na kuilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye mfuniko au kwenye kitabu cha gari. Ikiwa imezidi, zimeni redio na msiitumie hadi waya utakapokaguliwa. Na kama yupo anayemfahamu fundi wa Mwanza, Magu au Sengerema mwenye kipimo cha SWR, anayekubali kupima mbele ya mteja na kuandika kwenye risiti unene wa waya na ukubwa wa fyuzi alizotumia, aniandikie hapa chini, kwa sababu gari langu bado limesimama na redio nimeing'oa.