Mrejesho: binti yangu, pumu na hofu ya mvua

Ahsanteni sana nyote mlionijibu. Kwa aliyepitwa: niliuliza kuhusu binti yangu wa darasa la tatu, tunakaa Kisauni, Mombasa. Tangu maji yalipotuingilia nyumbani wakati wa El Niño ya 2023, wingu likitanda tu kifua humbana, nami sijui ni pumu au ni hofu.

Ushauri wa dada muuguzi ndio uliotufaa zaidi: nisikisie, nitibu kifua kwanza. Kliniki wamempa inhela (dawa ya kuvuta kwa mdomo) ya kahawia, ndiyo ya kuzuia, asubuhi na jioni kila siku, kisha asukutue mdomo. Ya buluu ni ya anapobanwa. Wakanionyesha na chupa ya maji ya nusu lita: unatoboa kitako kwa tundu la kubana, inhela inaingia hapo, mtoto anavuta kwenye mdomo wa chupa. Dawa sasa inafika kifuani, haiishii kooni. Usiku analala, alhamdulillahi.

Ukuta wenye kuvu tumeusugua, na jiko la makaa limehamia uani.

Hofu yenyewe haijaisha. Kumwambia "usiogope" hakukusaidia hata kidogo. Kumpa kazi kumesaidia: mvua ikianza, yeye ndiye mshika mkoba wa dawa. Lakini redio ikitaja mafuriko bado hulia.

Moshi wa taka za jirani umenishinda. Nimezungumza naye, mzee wa mtaa pia, na bado anachoma. Mwenye njia naomba aniambie.