Mrejesho: kola ya umeme ilikuwa imelegea tu

Wadau, asanteni. Swali lilikuwa: mbona mbwa wangu wa aina ya pointa, aliyevaa kola ya mafunzo inayotoa umeme kwa rimoti, hashtuki kiwango kikiwa 20, kisha kwa 25 analia? Kosa si la mbwa. Mkanda wa kola ulilegea, ncha zake za chuma zinazopitisha umeme zikawa zinaelea juu ya manyoya. Ukizidisha kiwango, kisha zikagusa ngozi ghafla, anaupata umeme wote kwa mpigo.

Sasa unakazwa akiwa amesimama, juu shingoni, kisanduku cha kola pembeni mwa koo, kidole kimoja kipite kwa shida. Manyoya yanatenganishwa hadi ngozi ionekane. Unaanza 0, unapanda moja moja mpaka sikio licheze. Kwake ni 7! Akilia, umepitiliza.

Kamba ya mita 10 ya kumshikia bado ipo, na amri ya "njoo" aliijua kabla, maana kola haifundishi neno jipya. Kitufe cha rimoti kinaachiliwa papo hapo anapogeuka kuja kwako.

Mvua za Nairobi nazo: shingo ikilowa, kiwango cha jana huenda kikawa kikali, pima upya. Sogeza kola kila baada ya saa moja au mbili, na usiku ivuliwe. Ncha zikikandamiza sehemu moja huleta vidonda.