Namna ya kumsaidia mgombea wa kwetu anayesimama bila chama

Mwalimu wa Dzombo

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma katika eneo bunge la Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, na naomba ushauri kuhusu uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027. Mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho kabla ya kurudi shambani, ameamua kuwania ubunge akiwa mgombea huru. Anasema amechoka kuona kura za mchujo zikiamuliwa na watu walioketi Nairobi, na kwamba mtu anayejulikana na majirani zake hahitaji kibali cha chama ili awatumikie. Kusema kweli, namwamini. Alipokuwa katibu, sikuwahi kumsikia mkulima akidai kupunjwa hata kilo moja, na hadi leo wazee wanaogombania mpaka wa shamba humwita yeye kabla ya kwenda kwa chifu.

Juzi baada ya swala ya isha alinijia na daftari la shule lenye majina 340 ya watu waliosema watamuunga mkono. Majina mengi yameandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ambao naujua kuwa ni wa binti yake kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuandika. Aliniomba niwe mratibu wake katika wadi yetu, nikusanye majina yaliyosalia, nisimame naye mikutanoni, na siku ya kura niwe wakala wake kituoni. Fedha hana. Baadhi ya jamaa wanapendekeza tuchange tununue leso na unga wa kugawa, kwa hoja kwamba hapa kwetu mgombea asiyetoa chochote huonekana hana nia. Nifanye nini ili msaada wangu uwe na faida, na je, lipo lolote katika hayo ambalo sipaswi kulifanya?

Karani Mstaafu

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Nianze na wewe mwenyewe kabla ya mjomba wako, maana naona hukulifikiria hilo. Ukiwa mwalimu wa shule ya umma, wewe ni mtumishi wa umma, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamkataza mtumishi wa umma kushiriki kampeni za mgombea, kuwa wakala wake, au kutangaza hadharani kwamba anamuunga mkono fulani au anampinga fulani. Kwa hiyo kazi karibu zote alizokuomba haziwezekani madhali bado unalipwa mshahara na serikali. Kura yako ni yako na hakuna anayekuuliza utampa nani, lakini kupanda jukwaani, kushika kipaza sauti na kukaa kituoni ukiwa na beji ya wakala ni mambo ya mtu mwingine. Isitoshe, walimu wengi huajiriwa kwa muda na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kusimamia vituo. Ikiwa nawe hufanya kazi hiyo, mwaka huo usiombe, hata kama unajua moyoni kwamba ungeifanya kwa haki, kwa sababu kila mtu kijijini anajua yule ni mjomba wako.

Sasa daftari. Katiba, katika ibara ya 99, inamtaka mgombea huru wa ubunge aungwe mkono na wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua 1,000 wa eneo bunge lenyewe. Hao si watu waliosema tu kwamba wanampenda. Ni watu waliotia sahihi zao wenyewe, wenye namba za vitambulisho zinazooana na sajili. Majina 340 yaliyoandikwa na binti mmoja hayahesabiki hata moja, na mbaya zaidi yanaweza kuzua tuhuma za kughushi. Waanze upya, kwa fomu sahihi na kwa wakati utakaotangazwa, na wakusanye angalau 1,400, maana kila orodha ya namna hii huwa na waliosajiliwa Likoni au Ukunda wanakofanya kazi, wenye namba iliyokosewa, na waliotia sahihi mara mbili kwa furaha. Ada ya uteuzi katika chaguzi zilizopita ilikuwa shilingi 20,000 kwa mgombea wa kawaida na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mjomba wako ajiandae kulipa kamili.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalowaangusha wengi kimyakimya. Ibara ya 85 inasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote cha siasa kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yalikuwa yamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mjomba wako aangalie jina lake katika kumbukumbu za Msajili wa Vyama vya Siasa sasa hivi, asingoje mwaka wa uchaguzi.

Mtu wa Msambweni

Mimi ni jirani yenu, na nimekuwa wakala katika chaguzi tatu. Naomba niongeze kuhusu huko kusimama bila chama, kwa sababu mara nyingi watu hututolea mfano wetu bila kuusoma vizuri. Katika uchaguzi mdogo wa Msambweni wa tarehe 15 Desemba 2020, uliofanyika baada ya kifo cha mbunge Suleiman Dori, Feisal Bader alisimama akiwa mgombea huru na kumshinda Omar Boga wa chama cha ODM kwa kura 15,251 dhidi ya 10,444. Tangu hapo kila mtu mwenye mgogoro na chama chake huku kwetu husema kwamba hata Feisal alishinda bila chama. Ni kweli, lakini alikuwa msaidizi wa marehemu Dori na alijulikana kila kijiji, alikuwa akiungwa mkono waziwazi na William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais wakati huo, na ilikuwa karatasi moja tu ya kura siku hiyo. Katika uchaguzi mkuu mpiga kura hupewa karatasi sita, na anayepiga kura kwa mtiririko wa chama kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi humruka mgombea huru bila hata kumchukia. Mwaka 2022 wagombea huru waliofika Bungeni walikuwa 12 kati ya wabunge 290 wa maeneo bunge. Simkatishi tamaa mzee; namwambia tu kwamba lazima alama yake ijulikane mapema kuliko sura yake, kwa sababu kwenye karatasi ndiyo bibi atakayoitafuta.

Kuhusu mawakala, hapo ndipo mgombea maskini anapoibiwa au anapojiibia. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo hesabu vituo vyote vya wadi zenu nne, Pongwe/Kikoneni, Dzombo, Mwereni na Vanga, kisha ujiulize ni watu wangapi mlio nao wanaoweza kukaa kuanzia kufunguliwa kwa kituo saa kumi na mbili asubuhi, kupita saa kumi na moja jioni kinapofungwa, hadi hesabu iishe, pengine usiku wa manane. Mwaka 2017 nilikuwa na mwenzangu ambaye mgombea wake alimwahidi chakula kisha akamsahau. Ilipofika magharibi, tumbo likiwa tupu na tochi ya simu imezimika, aliaga kwamba anakwenda dukani, na hakurudi. Fomu 35A, ile ya matokeo ya kituo, ilitiwa sahihi bila yeye, na matokeo yakabaki halali kama kawaida, kwa kuwa wakala kutotia sahihi peke yake hakubatilishi chochote. Siku iliyofuata mgombea wake alikuwa akilalamika juu ya idadi ambayo hakuwa na nakala yake. Zile fedha za leso na unga zipelekeeni huko: nauli, muhogo na chai ya chupa, betri, na bodaboda wa kuzikusanya nakala za fomu usiku ule ule ili mzee awe na jumla yake mwenyewe kabla ya kutangazwa kwa Fomu 35B, yenye jumla ya eneo bunge zima. Tena kugawa leso na unga ili upate kura ni hongo, na sheria inamwangalia mtoaji na mpokeaji pia.

Bi Mwana, Doha

Mwalimu, mimi ni mtu wa Vanga ninayefanya kazi Qatar. Sisi tulio huku hatumpigii kura mbunge. Ughaibuni mtu hupiga kura ya rais pekee. Lakini kila msimu wa uchaguzi tunapigiwa simu tuchange, na kila mara tunachanga kwa kuwa ni mtoto wa shangazi au jirani ya mama. Mimi sasa sichangi mpaka nisikie majibu, na ningependa nawe umuulize mjomba wako kwa adabu yote anayostahili. Je, anajua anakwenda kufanya nini Bungeni? Katiba imempa mbunge kazi ya kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuisimamia serikali. Huko kwetu, hata hivyo, tunampima kwa basari na madarasa ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, mfuko ambao sheria yake ya 2015 ilitamkwa na Mahakama Kuu, Septemba 2024, kuwa inakinzana na Katiba. Akiulizwa mkutanoni kwamba mfuko huo ukiondoka atamsomeshaje mtoto wa mjane, atajibu nini? Uaminifu wake kwenye ushirika nauheshimu, lakini mtu anaweza kuwa hodari wa mizani ya korosho na asijue kuusoma mswada.

Samahani kwa ukali. Nitampigia simu mwenyewe, akinijibu vizuri nitalipia chai ya mawakala wa Vanga.

Kijana wa Mwereni

Kwa nini asitafute tu chama kidogo kisicho na msongamano, akapata tikiti bila mchujo na bila kuhangaika na sahihi 1,000? Mbona wengi hufanya hivyo?

Mtu wa Msambweni

Ni njia halali, kijana wangu, na ina nafuu yake. Ila mzee kasema wazi kwamba anakimbia kuamuliwa na walioketi Nairobi, na hata chama kidogo kina mwenyewe. Tena hizo sahihi, zikikusanywa nyumba kwa nyumba, ni kampeni tosha. Mtu aliyetoa kitambulisho chake na kutia sahihi mbele ya mgombea humkumbuka siku ya kura.

Mwalimu wa Dzombo

Nawashukuru nyote. Nilikwenda kwa mjomba nikamweleza kwamba sitaweza kuwa mratibu wala wakala, na sababu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bora nimwambie leo kuliko kuambiwa na hakimu. Kazi ya uratibu ameikabidhi kwa mdogo wangu, ambaye ni fundi seremala na haajiriwi na yeyote. Bi Mwana, amesema atapokea simu yako, ila umpe siku mbili azisome hizo ibara kwanza.

Jana tuliangalia kumbukumbu za uanachama. Jina lake limo katika chama ambacho anaapa hajawahi hata kukanyaga ofisi yake. Ameandika barua ya kukana uanachama huo, moja kwa chama na nyingine kwa Msajili, na leo asubuhi nimemwona akizibandika nakala zake kwa gundi kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari, baada ya kuzichana kurasa zote za majina.