Ushauri: mgonjwa wa utafiti kaongezewa damu nje ya itifaki, naambiwa nimfute kwenye orodha

Kalamu_Nyeusi

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa pili kwenye utafiti wa kuongezea wagonjwa damu. Hospitali sitaitaja, naomba mnielewe.

Tunaandikisha watu wazima waliotoka kwenye upasuaji, HB (kipimo cha wingi wa damu mwilini) imeshuka lakini hawavuji damu. Kompyuta inawagawa kwa nasibu. Kundi la kwanza wanaongezewa damu HB ikishuka chini ya 7, kundi la pili ikishuka chini ya 9. Inatoka uniti moja, yaani pakiti moja ya damu, mgonjwa anapimwa tena, ndipo iamuliwe kama kuna ya pili.

Wiki iliyopita niliingia zamu ya asubuhi nikakuta pakiti tupu inaning'inia kwenye stendi ya mama mmoja wa kundi la kwanza. Damu imegandia kwenye mpira, na ile lebo ya namba imebandikwa kwa plasta juu ya faili lake. Nikafungua jibu la maabara la saa tatu usiku: HB 7.6. Mapigo 96, presha nzuri, kifua hakimuumi, hahemi. Kwa itifaki yetu, yaani kanuni za utafiti zilizoandikwa, alipaswa kusubiri.

Siku moja kabla, mwanawe alinishika pale mlangoni akaniambia, "Dada, damu iko kwenye friji na mama yangu yuko hapa. Mnasubiri nini?" Nilimjibu, ila nakiri jibu langu halikumtosha. Nahisi usiku alimbana daktari wa zamu.

Nikaanza kuandika taarifa ya ukiukaji wa itifaki. Msimamizi wangu akasema ya nini makaratasi yote hayo, mtoe huyo, tuandikishe mwingine. Sasa huyu ni wa tatu ndani ya mwezi mmoja, na wote watatu ni wa kundi la kwanza. Hapo ndipo moyo unaponigoma. Nimtoe? Na yule kijana nimwambie nini?

Hesabu_Safi

Usimtoe. Nafanya takwimu za tafiti za namna hii, na hili ndilo kosa linaloua utafiti mzuri kimyakimya.

Mtu akishagawiwa kundi, anahesabiwa kwenye kundi hilo mpaka siku ya mwisho, damu awe amepata au hakupata. Hebu fikiria ni nani anayeongezewa damu nje ya itifaki usiku wa manane. Ni yule aliyemtia daktari hofu: kapauka, kalegea, umri umekwenda. Ukiwafuta hao kwenye kundi la kwanza, kundi hilo linabaki na wenye nguvu. Wenzao wa kundi la pili, waliopauka na kulegea vilevile, bado wamo kwenye hesabu. Kundi lenu la kwanza litaonekana salama kuliko lilivyo, na kesho kuna wodi itawasubirisha wagonjwa kwa kutegemea hesabu hiyo.

Kwamba wote watatu ni kundi moja, umefanya vyema kuliona. Itifaki ikivunjwa upande mmoja tu, makundi mawili yanaanza kufanana kwa kiasi cha damu wanachopata, na tofauti mnayoitafuta inayeyuka. Kufuta majina hakuitibu hali hiyo. Inatakiwa ihesabiwe, iandikwe, ifike kwa kamati huru inayofuatilia usalama wa utafiti.

Tazama utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kutoka mwaka 2019. Watoto wenye HB kati ya 4 na 6 ambao hawakuwa na dalili za hatari waligawanywa, wengine wakaongezewa damu papo hapo, wengine wakaangaliwa kwanza. Karibu nusu ya walioangaliwa kwanza waliishia kuongezewa, kwa sababu HB ilishuka zaidi au hali ilibadilika. Hakuna aliyewafuta, walihesabiwa kwenye kundi lao la tangu mwanzo. Ndiyo maana leo tunaweza kusema kwa kujiamini kwamba vifo vya siku 28 havikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika.

Friji_Namba_Mbili

Dada Kalamu, mimi ni mtu wa benki ya damu. Kabla hujamhukumu daktari wa zamu, rudi kwenye mambo mawili.

La kwanza, kitabu chetu cha kutolea damu. Kitakuonyesha pakiti ilitoka kwenye friji saa ngapi, nani alisaini, na fomu ya maombi iliandika HB ngapi. Siyo ngapi maabara walisema, bali ngapi daktari aliandika. Wakati mwingine ni namba mbili tofauti. Tena ukishaijua saa ya kutoka, linganisha na saa iliyoanza kudondoka na iliyokwisha. Chembe nyekundu zikitoka kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 hazisubiri mtu, ndani ya saa nne pakiti iwe imekwisha.

La pili, sampuli ilitolewa mkono gani? Nimeliona hili mara nyingi mno. Dripu inaingia mkono wa kushoto, mtu ana haraka, anachoma sindano mkono huohuo juu ya kanula, ule mrija mdogo wa kuingizia dripu. Anachovuta ni damu iliyochanganyika na maji ya dripu. HB inasoma chini, daktari anashtuka, na mgonjwa hana shida yoyote. Pale ambapo tofauti ya 6.9 na 7.1 inaamua mtu apate damu au asipate, mkono wa kuchomea ni sehemu ya utafiti.

Mtoto_wa_Mama

Samahanini wataalamu, mimi si wa fani. Nimekaa kando ya kitanda cha mama yangu mwenyewe wiki tatu, kwa hiyo yule kijana namwelewa kabisa. Mnaongea habari za makundi na hesabu, ila kwake kuna mtu mmoja tu pale. Kama damu ipo na mgonjwa amepungukiwa, inakuwaje kompyuta ndiyo iamue? Mngekubali mama zenu wasubirishwe?

Daktari_wa_Wodi

Mtoto_wa_Mama, swali lako ni la haki, na nakujibu kama ningemjibu kijana yule uso kwa uso.

Damu ni dawa, na kama dawa nyingine ina madhara yake. Inaweza kumjaza mgonjwa maji hadi mapafu yashindwe, hasa mzee mwenye moyo dhaifu. Inaweza kuleta mzio, homa, au jeraha la mapafu. Kwa miaka mingi sisi madaktari tuliongeza damu HB ikifika 10 kwa mazoea tu. Mwaka 1999 Wakanada wakatoa utafiti wa TRICC, wagonjwa 838 mahututi. Kundi moja walisubiri mpaka HB ishuke chini ya 7, jingine wakawekwa juu ya 10. Baada ya siku 30 walikuwa wamefariki asilimia 18.7 ya waliosubiri, na asilimia 23.3 ya waliopewa kwa wingi. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja, tofauti hiyo huenda ilikuwa ya bahati. Lakini hakuna aliyeweza kudai tena kwamba kusubiri ni kumtupa mgonjwa.

Naomba nikuongezee mfano mwingine, si wa damu ila haunitoki kichwani. FEAST, mwaka 2011, watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wagonjwa sana wenye homa na mzunguko wa damu dhaifu. Kuwapa maji ya mshipa kwa kasi lilikuwa jambo ambalo kila daktari aliona ni la wazi. Ndani ya saa 48 walifariki zaidi ya asilimia 10 ya waliopewa, na asilimia 7.3 ya ambao hawakupewa. Bila kugawa kwa nasibu tungeendelea kuwaua watoto huku tukiamini tunawaokoa.

Kwa hiyo ndiyo, mama yangu ningemruhusu, kwa sharti moja: awe anatazamwa. Hapo Kalamu na mimi niseme jambo. Namba si ukuta. Mgonjwa mwenye moyo uliopata shambulio si sawa na wengine. Utafiti wa MINT wa 2023 ulikuwa na wagonjwa wa moyo 3,504, na waliosubirishwa walipata kifo au shambulio jipya asilimia 16.9, wenzao 14.5. Haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu, lakini mimi kwa mgonjwa wa moyo sikomei kwenye 7. Itifaki yenu inaruhusu daktari kutoa damu kwa dalili? Kama inaruhusu, kagua upya wale wawili wa mwanzo. Huenda hakuna ukiukaji wowote hapo.

Mjumbe_wa_Maadili

Nakaa kwenye kamati ya maadili, nitagusa ya kijana tu.

Yule mama alipotia saini fomu ya ridhaa, mwanawe alikuwepo? Aliambiwa kwa maneno gani? Fomu nyingi ninazozipitia zinasema "utapangiwa kundi la kiwango cha chini". Mtu wa kawaida anasikia "utapewa huduma ya chini". Mwambieni hivi: "Hatujui ipi kati ya njia hizi mbili ni nzuri zaidi kwa mtu kama mama yako. Tungekuwa tunajua, tusingefanya utafiti. Hali yake ikibadilika saa yoyote, damu atapewa, kundi lolote awe." Na mwambieni pia kwamba mama anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake. Ila kujitoa ni hiari ya mgonjwa. Msimamizi hana haki ya kumtoa mtu kwa sababu takwimu zake zimechafuka. Ukiukaji ukifichwa halafu ukagundulika, itabidi tuulize ni mangapi mengine yamefichwa.

Mtoto_wa_Mama

Daktari, asante. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba damu nayo inaweza kudhuru. Ningeambiwa hivyo siku ya kwanza nisingegombana na wauguzi.

Kalamu_Nyeusi

Nimerudi wakuu, imechukua siku nne.

Friji_Namba_Mbili, Mungu akubariki. Nilikwenda kwenye kitabu. Fomu ya maombi ya usiku ule imeandikwa HB 6.8. Nikabaki nimeduwaa, maana maabara wamesema 7.6. Kumbe daktari alipima kwa ile mashine ndogo ya wodini saa nne na nusu, na muuguzi wa zamu amenithibitishia kwamba sampuli ilitoka mkono wa kulia, mkono uliokuwa na dripu. Kwa hiyo daktari wa watu hakuvunja itifaki kwa makusudi wala hakubanwa na mtu. Aliona 6.8 akafuata itifaki ileile tuliyompa. Nimemfuata nikamwomba radhi kwa yale niliyokuwa nimeyawaza.

Wale wawili wengine nimewakagua pia. Mmoja alikuwa na maumivu ya kifua, yameandikwa kwenye karatasi ya nyuma ambayo sikuifunua, na itifaki inaruhusu. Wa pili ni ukiukaji kweli, HB 8.1, hakuna dalili yoyote iliyoandikwa. Huyo nimeandika kama ilivyo.

Msimamizi nilimpelekea maneno ya Hesabu_Safi karibu neno kwa neno. Alinyamaza sana. Kisha akasema mama abaki kwenye orodha, kundi lake la kwanza, na taarifa iende kamati zote mbili, ya usalama na ya maadili. Tumekubaliana pia kuomba itifaki iongezwe kipengele: HB ikisoma kati ya 6.5 na 7.5 ipimwe tena maabara, kwa sampuli ya mkono usio na dripu, kama mgonjwa ametulia.

Kijana nimeongea naye jana, tukakaa kwenye benchi nje ya wodi. Nilimwambia yale ya Mjumbe, nikamwambia na ukweli wa usiku ule, kwamba mama yake alipewa uniti ambayo huenda hakuihitaji kwa sababu sisi tulichoma mkono usiofaa. Aliniuliza kama imemdhuru. Nikamwambia hapana, nimemtazama mwenyewe, pumzi nzuri, hana homa. Akaomba aione karatasi ya vipimo. Nikamfungulia faili, nikamwonyesha namba zote mbili.

Friji_Namba_Mbili

Na ile lebo usiitoe kwenye faili. Ikitokea homa au macho kuwa ya njano wiki ijayo, namba hiyo ndiyo itakayotufikisha kwa mchangiaji.

Kalamu_Nyeusi

Ipo. Nimeibandika upya kwa gundi, plasta ilikuwa inaachia.